Jinsi Mbuni Unavyoitambua Kuvu: Somo kutoka Mashamba ya Kahawa ya Mbinga

Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, hutajwa zaidi kwa sababu ya makaa yake ya mawe. Makaa hayo ni mabaki ya mimea iliyofukiwa ardhini zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na mimea hiyo ilipokuwa hai tayari ilikuwa imerithi vita vya kale mno. Katika mawe ya Rhynie, huko Uskoti, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, wataalamu wameona mimea midogo iliyogeuka jiwe ikiwa na nyuzi za kuvu ndani yake. Na mahali nyuzi hizo zilipopenya, kuta za seli zilikuwa zimenenepa kana kwamba zinafunga mlango. Juu ya makaa ya Ngaka, katika milima ya Umatengo, vita hivyo vinaendelea leo ndani ya mibuni.

Wakulima wa Mbinga huwajua maadui wawili. Wa kwanza ni chulebuni, unaotia madoa meusi yaliyodidimia kwenye matunda mabichi hadi yanakauka mtini au kuanguka kabla ya kuiva. Wa pili ni kutu ya majani, inayoacha vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini wa jani na hatimaye kuupukutisha mti. Yote miwili ni magonjwa ya kuvu, yaani viumbe wa jamii ile ile ambayo hospitalini huitwa fangasi. Chulebuni ulitambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na mahali ambapo haukudhibitiwa, katika msimu wa mvua nyingi na baridi, unaweza kuteketeza sehemu kubwa ya mavuno ya shamba. Kwa kaya ya Umatengo mavuno hayo ndiyo ada ya shule, bima ya afya na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya.

Mhudumu wa afya anaweza kuuliza: habari za mibuni zinamhusu nini? Zinamhusu kwa njia mbili. Kwanza, namna seli ya mbuni inavyomtambua adui inafanana kwa kushangaza na namna seli za kinga za binadamu zinavyofanya kazi hiyo hiyo. Pili, mmea unaoshindwa kujikinga hupuliziwa dawa, na baadhi ya dawa hizo ni ndugu wa dawa zinazotegemewa wodini.

Adui anavyoingia

Kuvu hizi mbili haziingii kwa mlango mmoja. Spora ya kutu, yaani mbegu yake ndogo isiyoonekana kwa macho, hutua jani likiwa na umande au matone ya mvua, huchipua, kisha hutambaa ikitafuta tundu ambalo jani hupumulia. Hupita hapo pasipo kuvunja chochote. Ikishafika ndani, hutoboa ukuta wa seli na kusukuma humo kidole cha kunyonyea, lakini haichani utando wa seli. Huusukuma tu ndani, mithili ya mtu anayebonyeza puto. Huo si upole. Kuvu ya kutu, Hemileia vastatrix, haiwezi kuishi ila kwa kunyonya seli iliyo hai. Seli ikifa, nayo hufa njaa. Jambo hili ndilo msingi wa mengi yatakayoelezwa mbele.

Kuvu ya chulebuni, Colletotrichum kahawae, hutumia nguvu. Spora yake inapotua juu ya tunda bichi hutengeneza kifundo kidogo cheusi, hujigandamiza kwenye ngozi ya tunda, kisha hujaza maji ndani ya kifundo hicho mpaka shinikizo linatoboa. Katika kuvu ya ukoo huo huo inayoshambulia mahindi, shinikizo hilo limepimwa na kukutwa ni zaidi ya mara 20 ya upepo unaotiwa katika tairi la gari dogo. Weusi wa kifundo ni melanini, inayokiimarisha kisipasuke. Wahudumu wanaowatibu watu wenye virusi vya UKIMWI wana sababu ya kuikumbuka melanini, kwa kuwa kuvu ya Cryptococcus, inayoleta homa ya uti wa mgongo, hujipaka rangi hiyo hiyo na kwa sehemu huitumia kukwepa mashambulizi ya kinga ya mwili.

Kila seli na zamu yake

Mwili wa binadamu una askari wanaotembea. Chembe nyeupe za damu hutoka kwenye uboho, husafiri, hufika penye jeraha, hummeza adui, na baadhi yake hubaki na kumbukumbu. Mmea hauna damu wala askari wa doria. Hauna kingamwili. Haukimbii. Kila seli ya jani, ya mzizi au ya tunda lazima ijitambulie adui na kujipigania yenyewe. Anayejua kilimo cha ngolo cha Wamatengo atalielewa jambo hili upesi: mteremko mzima haulindwi na mfereji mmoja mkubwa, bali kila shimo hudaka maji yake na kuzuia udongo wake.

Seli hutambuaje? Ukuta wa kuvu umejengwa kwa vitu ambavyo mmea hauna, na muhimu kuliko vyote ni kaitini, dutu ngumu inayofanana na ile ya gamba la mende na kaa. Seli ya mmea ina vimeng'enya viitwavyo kaitinesi, vinavyomega kaitini vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo hunasa kwenye vipokezi vilivyochomoza juu ya utando wa seli. Kipokezi cha kwanza cha namna hiyo kilielezwa mwaka 2006 katika mpunga, zao ambalo watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanalijua vizuri; mwaka uliofuata mwenzake alipatikana katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis.

Kipokezi kinaponasa kipande cha kaitini, mambo hutokea kwa dakika chache tu. Kalsiamu humiminika ndani ya seli. Vimeng'enya vya kwenye utando hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda, ambayo humdhuru adui na pia hukaza ukuta wa seli. Mahali kuvu inapojaribu kupenya, seli hurundika kalosi, ambayo ni aina ya sukari ngumu, na baadaye lignini inayofanya mti uwe mti. Jeni za ulinzi huwashwa, kaitinesi zaidi hutengenezwa, na mduara huo hujiongezea nguvu wenyewe.

Binadamu naye hana kaitini katika seli zake, na mwili wake hutengeneza kaitinesi za kwake. Chembe nyeupe zina kipokezi kiitwacho dektini-1, kinachonasa glukani, dutu nyingine ya ukuta wa kuvu. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba nzi mdogo wa matunda hufa kwa kuvu akipungukiwa na protini iitwayo Toll, na ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kuvijua vipokezi vya jamii hiyo katika mwili wa binadamu. Haina maana kwamba mbuni ni babu wa chembe nyeupe. Yaelekea viumbe vilivyotengana zamani sana vilikutana na tatizo moja na kulitatua kwa njia zinazokaribiana: vinamtambua adui kwa vazi asiloweza kulivua kwa urahisi.

Hapa pana jambo dogo la kliniki lisilofaa kurukwa. Kaitinesi za parachichi na ndizi zina kipande kinachofanana sana na protini ya utomvu wa mti wa mpira. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa glovu za mpira anaweza kuwashwa mdomo, kuvimba midomo, na mara chache kupata shida ya kupumua anapokula matunda hayo yakiwa mabichi. Muuguzi anayelalamika kwamba glovu zinamuwasha aulizwe pia kuhusu parachichi na ndizi. Mgonjwa anayevimba midomo baada ya kula matunda hayo naye aandikwe katika faili lake kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji. Protini ambayo mmea uliiunda dhidi ya kuvu hapo imegeuka adui wa mlaji asiye na hatia.

Kuvu inavyojificha, na seli inavyojitoa mhanga

Kama utambuzi huo ungetosha, kusingekuwa na chulebuni. Kuvu nazo hujifunza. Kuvu za kutu na za Colletotrichum, zinapoanza kuingia katika mmea, huibadilisha kaitini ya nje ya nyuzi zao iwe kaitosani, ambayo kaitinesi haziimegi vizuri. Kuvu inayoshambulia majani ya nyanya hutoa protini inayoivika kaitini yake kama ngao, na nyingine inayookota vipande vilivyokwisha kumegwa kabla havijafika kwenye kipokezi. Katika mapafu ya binadamu, Pneumocystis, inayoleta nimonia kwa watu wenye kinga dhaifu, imefika mbali zaidi, kwani haina kabisa kaitini katika ukuta wake.

Aidha, kuvu hupenyeza protini zake ndani ya seli ya mmea ili kuzima king'ora. Mmea umejibu kwa kuweka walinzi wa pili ndani ya seli, kila mmoja akiwa na kazi ya kugundua mpenyezo wa aina fulani. Mmarekani Harold Flor ndiye aliyeona kanuni hii, katika miaka ya 1940, alipokuwa akichunguza kutu ya mmea wa kitani: kwa kila jeni ya ukinzani katika mmea, ipo jeni inayolingana nayo katika kuvu. Vikikutana, mmea unapona. Kimoja kikikosekana, mmea unaugua. Ilipita nusu karne ndipo jeni ya kwanza ya mmea ya namna hiyo dhidi ya kuvu ikachambuliwa. Ilikuwa ya nyanya, mwaka 1994.

Mlinzi wa ndani akigundua adui hufanya nini? Jibu kamili kwa ugonjwa wa kutu lilipatikana mwaka 2022, na mzizi wake uko Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kutu kali ya shina la ngano ilionekana nchini Uganda, nayo ikapewa jina Ug99. Ngano ina jeni iitwayo Sr35 inayoizuia kutu hiyo. Watafiti walipoipiga picha protini ya jeni hiyo ikiwa imemshika adui, walikuta protini tano zimejipanga katika duara kama gurudumu, na gurudumu hilo hufungua tundu katika utando wa seli. Kalsiamu humwagika ndani, na seli hufa. Gurudumu hilo linafanana na magurudumu ya protini yanayounganika ndani ya seli za binadamu wakati wa uvimbe au wakati seli inapojiua kwa utaratibu.

Seli moja hufa ili jani liishi. Kwa kuwa kutu hula kwenye seli hai tu, kifo hicho humwachia adui sahani tupu. Katika mibuni yenye ukinzani, kwa darubini huonekana seli chache zilizokufa kulizunguka tundu la kupumulia, na nyuzi za kuvu zimekwama hapo hapo. Kwa macho ya mkulima jani ni zima. Hata hivyo silaha hii ni ya hatari. Mimea inayochanganywa kutoka kwa wazazi wawili wasiopatana huweza kuwasha walinzi hawa pasipo adui yeyote, nayo hudumaa na kukauka madoa madoa, jambo linalofanana na magonjwa ya binadamu ambamo kinga huushambulia mwili wenyewe.

Seli inayopigana hutoa habari kwa nyingine. Mojawapo ya ishara hizo ni asidi ya salisili, jamaa wa karibu wa asprini. Mwaka 1979 mtafiti R. F. White, huko Uingereza, aliingiza asprini katika majani ya tumbaku na kuona mimea hiyo ikipata ukinzani dhidi ya kirusi. Baadaye ilibainika kwamba mmea hujitengenezea asidi hiyo wenyewe unaposhambuliwa, na majani ya mbali yasiyoguswa hukaa tayari kwa siku kadhaa. Wahudumu wa afya huijua asidi ya salisili katika marhamu ya Whitfield, inayopakwa kutibu mapunye na mba. Isidhaniwe kuwa hapo inafanya kazi ile ile. Katika marhamu hubandua ngozi ngumu ili asidi ya benzoiki ipate njia; ndani ya mmea ni mjumbe. Wala asprini haifai kumiminwa shambani, maana kipimo kikizidi kidogo huunguza majani.

Mibuni ya Umatengo

Aina za kahawa zilizopandwa kwa miongo mingi nchini Tanzania, kama N39 na KP423 zilizochaguliwa Lyamungu mkoani Kilimanjaro, zina ladha iliyozipatia soko. Hazina ukinzani wa kutosha kwa maadui hao wawili. Kahawa ya arabika ina urithi mwembamba, na miti yake mingi hufanana mno hata walinzi wa ndani ni wale wale. Adui akimpita mmoja amewapita wote.

Msaada ulitoka mbali. Katika kisiwa cha Timor, mwaka 1927, ulionekana mti mmoja uliozaliwa kwa kuchanganyika kwa arabika na robusta bila mkono wa mtu, nao haukuugua kutu. Kutoka milima ya kusini mwa Sudan ilipatikana arabika iitwayo Rume Sudan, inayostahimili chulebuni. Kenya ilitumia urithi wa miti hiyo kuunda Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Kuhusu chulebuni, uchunguzi uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba tishu yenye ukinzani hujenga upesi ukuta wa seli za kizibo, mfano wa ganda la kidonda kinachopona, ukaifungia kuvu nje. Tishu isiyo na ukinzani nayo hujaribu kujenga ukuta huo, lakini huchelewa. Tofauti kati ya tunda linaloiva na tunda linalokauka mtini ni ya muda tu.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye kituo chake Ugano wilayani Mbinga, imetoa kuanzia mwaka 2005 aina chotara zenye ukinzani kwa chulebuni na kutu. Chotara hizo huzalishwa kwa vikonyo, kwa maana mbegu ya kawaida haihakikishi kwamba mtoto atarithi walinzi wote wa mzazi. Mkulima anayeokota mbegu chini ya mti chotara wa jirani na kuziotesha hajapata alichodhani amekipata. Mwenye mti wa zamani wenye mizizi mizuri anaweza kuubebesha kikonyo cha chotara badala ya kuung'oa.

Ukinzani huo haudumu milele. Zaidi ya makundi 50 ya kuvu ya kutu yanajulikana, kila moja likiwa na namna yake ya kuwapita walinzi. Nchini Honduras, aina iitwayo Lempira, yenye urithi wa Timor, ilianza kuugua kutu katika muongo uliopita baada ya miaka ya kutegemewa. Ndiyo maana wazalishaji hukusanya jeni kadhaa katika mti mmoja, sawa na daktari anayempa mgonjwa wa kifua kikuu dawa nne na si moja.

Kutoka shambani hadi wodini

Wagonjwa huuliza kama kahawa yenye kutu au chulebuni inaambukiza watu. Kutu haiwezi: haiishi nje ya mbuni na jamaa zake. Kunywa kahawa pia hakuambukizi chulebuni. Joto la mwili wa binadamu pekee ni kizuizi kwa kuvu nyingi za mimea.

Hatari hupitia njia nyingine. Mti usio na ukinzani hupuliziwa dawa, mara nyingi za shaba, na dhidi ya kutu pia dawa za jamii ya azoli. Azoli za shambani na zile za hospitalini, kama itrakonazo na vorikonazo, hushambulia kimeng'enya kile kile ambacho kuvu hukitumia kujengea utando wake. Kuvu ya Aspergillus fumigatus, inayoishi katika udongo na mboji, haiugui kahawa, lakini hukutana na azoli za mashambani na kuzizoea. Kisha spora zake huvutwa puani na watu. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya kupatikana nchini Tanzania, katika sampuli za mazingira, kwa Aspergillus isiyosikia azoli. Mgonjwa aliyemaliza matibabu ya kifua kikuu na kubakiwa na mapango katika mapafu, anayeendelea kukohoa damu na kukonda huku makohozi yake hayaonyeshi vimelea vya kifua kikuu, huenda ana kuvu hii. Dawa ya kumtibu ni azoli. Ikiwa kuvu aliyoivuta imekwisha kuizoea azoli shambani, daktari anabakiwa na machache mno ya kumpa.

Jambo jingine hutokea wakati wa kupogoa na kuchuma, kijiti cha mbuni kinapomchoma mtu jichoni. Kuvu za mimea, hasa Fusarium na Aspergillus, na mara nyingine Colletotrichum, zinaweza kuota katika kioo cha jicho, ambako hakuna mishipa ya damu ya kuwaleta askari haraka. Jicho huwa jekundu, huuma, na baada ya siku chache huonekana doa jeupe lenye kingo kama manyoya. Jicho kama hilo lisitiwe matone yenye steroidi, maana hupunguza uvimbe huku yakiiachia kuvu nafasi; wala lisitiwe maji ya majani. Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo panapoweza kukwanguliwa sampuli na kuanzishwa matone ya natamaisini, na aeleze wazi kwamba alichomwa na mti.